Kifungu cha Bahati

1

"Sema ulibahatisha," Mkaguzi aliniambia. "Neno hilo moja tu, Tabibu. Ukilisema kesho mbele ya watu, mimi nafunga jalada na jioni unarudi kazini."

Tulikuwa kwenye chumba cha chanjo, chumba pekee cha Kituo cha Afya Mlembea ambacho mlango wake unafunga sawasawa. Daktari Stamili Ngonyani alikuwa amepanda milima ya Upare asubuhi hiyo kwa gari la Baraza la Mikono, na vumbi la Same lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Nilikuwa nimemwandalia chai ya tangawizi, maana mgeni hukaribishwa hata kama amekuja kukuzika.

"Nilibahatisha nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

Akanisogezea kompyuta yake bapa. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya tumbo la Nambike Senkondo, mkulima wa tangawizi wa kitongoji cha juu, na mshono uliopita chini ya kitovu.

"Huu mshono," alisema. "Mafundo yote yanaelekea kulia."

Hapo ndipo waliponikamatia. Nyuzi tunazopandikizwa mikononi siku ya mahafali, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, zilichukua ujuzi wake kwa mtu mmoja, profesa wa upasuaji aliyekuwa wa mkono wa kushoto. Profesa mwenyewe ni marehemu, lakini mikono yake inafanya kazi nchi nzima. Siku hizi chuoni tunasoma vitabu tu. Mikono hatufundishwi, mikono tunatumiwa. Baraza likikupa leseni ya kuzalisha, stadi ya kuzalisha inashuka kwenye nyuzi na vidole vinaijua hapo hapo. Ukijaribu jambo lililo nje ya leseni yako, nyuzi zinakaza, mkono unakuwa kama ukuni mpaka ukiachie kisu. Ndiyo maana mishono yote ya nchi hii inafanana, na fundo lake huelekea kushoto.

Mimi, Nakundwa Mrutu, ni tabibu wa daraja la pili. Leseni yangu inaishia kwenye ngozi. Nazalisha, nashona michaniko, nanyoosha mifupa iliyovunjika. Tumbo la mtu si langu.

"Kwa hiyo siku ile nyuzi zako zilikuwa zimelala," Mkaguzi aliendelea, "na aliyeshona ni mtu wa mkono wa kulia."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Sasa nisikilize kwa makini. Sheria ina kile kifungu watu wanachokiita kifungu cha bahati. Mtu yeyote, hata muuza genge, akimkuta mgonjwa anakufa, akajaribu kumsaidia bila ujuzi wowote, hana kosa. Alibahatisha, Mungu akamsaidia, basi. Lakini aliye na ujuzi usio na leseni, akautumia kwa makusudi, huyo anafutwa."

"Hebu rudia, Daktari. Sisi Wapare mambo ya sheria tunayapenda." Nilikuwa natabasamu, lakini damu ilishaanza kunichemka. "Nikisema sikujua nilichokuwa nafanya ndani ya tumbo la mama wa watu, mimi ni raia mwema. Nikisema nilijua, mimi ni mhalifu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na aliyeiandika alikuwa amekunywa nini?"

Hakucheka. Aliweka kikombe mezani, akaikunjua mikono yake na kuitazama. Alikuwa daktari bingwa wa upasuaji kabla ya kazi hii. Siku ya kuapishwa ukaguzi huwa wanazisimamisha nyuzi zako, ili mtu asikague kazi ambayo naye anaifanya. Tangu siku hiyo hakuwa ameshika kisu.

"Dada yangu Asumini alipasuliwa Namtumbo," alisema. "Ni kabla nyuzi hazijafika kusini. Aliyempasua alikuwa na koti jeupe, miwani, na cheti cha kununua. Alimkata mshipa ambao hata jina lake hakulijua. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nimepakata kanga zake. Kwa hiyo usinicheke, Tabibu, na usiniambie nyuzi ni uonevu. Zingekuwepo siku ile, mkono wa yule mtu ungekauka kabla haujamgusa."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na karani, na mbele yangu alikaa mtu mwenye msiba.

"Pole sana," nikamwambia, na nilimaanisha.

"Ahsante. Basi kesho sema ulibahatisha."

2

Sikubahatisha. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana maneno ya watu yana miguu.

Nilifundishwa na mzee Elinaza Mbwambo, tabibu wa mwisho wa leseni za zamani katika milima hii. Leseni za kina Mbwambo hazikufutwa. Waliopita kwenye mtihani wa kutazamwa na watu waliachwa waendelee mpaka wafe, na Baraza likasubiri kwa subira wafe. Mzee alinikuta nimetoka chuoni na nyuzi zangu mpya, nimejaa majivuno, nashona kwa kasi kama cherehani. Akaniuliza, "Mwanangu, hizo nyuzi zikizimika, wewe unabaki nani?"

Swali lile lilinikera kwa wiki nzima. Mwishowe nikamfuata buchani kwa Mchome. Kila siku ya gulio, Mchome alikuwa akichinja, na mzee Mbwambo alikuwa akinunua mji wa mimba wa mbuzi na kuuweka juu ya jani la mgomba. Alinifunga barafu za chanjo kwenye mikono, chini kidogo ya viwiko. Nyuzi zinakula joto la mwili; ukizipoza, zinalala kwa muda, na kufuli lake linalala nazo. Vidole vinabaki vyako, vizito na vijinga, lakini vyako.

"Kata," alikuwa akisema. "Sasa shona. Fumua. Shona tena. Huu ni mshono wa nani huu, wa kiroba?"

Watu wa buchani walituzoea. Waliponiona wakaanza kuniuliza kama naandaa supu.

Nilipokuwa sitoboi tena pasipotakiwa, akanihamishia mezani kwake. Mwaka wa kwanza nilishika taa na vibanio. Mwaka wa pili nilishona ngozi, kisha misuli, kisha mji wa mimba wenyewe, mikono yake ikiwa juu ya yangu. Mwaka wa tatu aliiondoa mikono yake, akaifunga kifuani, akawa ananitazama kwa jicho lile lake moja lisilo na mtoto wa jicho. Nilipomaliza alisema, "Umefaulu," akaenda kula makande. Huo ndio mtihani wangu. Hauna muhuri, na aliyenipima yuko kaburini.

Siku ya Nambike, ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha. Mtoto alikuwa amekaa mshazari na mapigo ya moyo wake yalikuwa yakishuka. Ndege ya wagonjwa, ile isiyo na rubani, ilikataa kupaa kutoka Same kwa sababu ya ukungu. Nikaomba Baraza linifungulie stadi ya upasuaji kwa dharura. Sauti tamu ikanijibu: ombi lako limepokelewa, tafadhali usiondoke. Nikauliza litachukua muda gani. Ombi lako limepokelewa, tafadhali usiondoke. Nambike alikuwa ananiangalia. Sikuondoka, lakini Baraza nalo halikurudi.

Nikamwambia nesi wangu, Eliamini, ampe ganzi ya mgongo. Hiyo anaruhusiwa. Kwa akili za wakubwa wetu, kituo hiki kina leseni ya kumtia mtu ganzi kiunoni lakini hakina leseni ya kumpasua. Kisha nikamwambia alete barafu.

Mtoto aliitwa Sifaeli. Analia kwa sauti kubwa kuliko mtoto yeyote mlimani, na kila nikimsikia najisikia vizuri kwa siku nzima.

3

Nilipotoka chumba cha chanjo, Eliamini alikuwa ananisubiri kibarazani, amekunja mikono. Hakuwa na haja ya kuuliza; ukuta wa kile chumba ni wa mabati.

"Dada, sema tu," aliniambia. "Neno halikati nyama. Sema ulibahatisha, huyu mama ashuke zake Same, sisi tuendelee na kazi."

"Na kesho akija mwingine kama Nambike?"

"Kesho ina Mungu wake."

"Wataweka nyuzi mpya, Eliamini. Zisizolala kwa baridi. Mkaguzi ameshaniambia. Ujanja wa barafu umekwisha."

"Basi upasuaji umekwisha, ukisema ukweli au usiposema. Lakini ukisema uongo, uzazi tunabaki nao, chanjo tunabaki nazo, mifupa tunabaki nayo. Ukisema ukweli wanakufuta, na kituo hakina tabibu mwingine. Wanafunga. Unataka kina mama wazalie mashambani kwa ajili ya heshima yako?"

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Si mtu wa maneno mengi, Eliamini. Akiongea hivyo anakuwa ameshalipima jambo pande zote. Nikaenda nyumba ya wajawazito, ng'ambo ya uwanja, ambako wale wenye hatari husubiri siku zao.

Alikuwepo mmoja tu, Niwaeli, mwalimu wa shule ya msingi. Kondo lake la nyuma lilikuwa limekaa mlangoni, mahali pa mtoto kupitia, na mama wa namna hiyo akizaa kwa njia ya kawaida hatoki mzima. Rufaa yake ya kushuka Same ilikuwa imepangwa wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeomba isogezwe mbele, nikajibiwa kwamba ratiba imejaa.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba, Mwalimu. Kuna damu?"

"Hapana, hata tone." Alikuwa anasahihisha madaftari, miguu ameiweka juu ya mto. Akaiweka kalamu chini. "Tabibu, eti ni kweli? Wanasema kwa Nambike ulibahatisha."

Neno lilikuwa limenitangulia. Nilimpima shinikizo la damu, nikasikiliza mapigo ya mtoto, nikasema yote yako sawa. Swali lake sikulijibu. Aliniangalia nikikusanya vifaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona ananiogopa.

4

Kosa la Baraza lilikuwa kuleta shauri hadharani, tena Upare.

Kwingine nasikia watu huitikia wito, husaini, huenda nyumbani. Watani wetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi. Wametukosea. Tunauza shamba kwanza. Ng'ombe tunambakiza kwa ajili ya rufaa. Asubuhi ile baragumu ilipulizwa kama ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba lazima itoe mtu, na kufikia saa tatu ghala la ushirika la tangawizi lilikuwa limefurika. Watu walikuja na viti vyao. Walikuja na makande kwenye ndoo. Wazee watatu waliowahi kushitakiana kwa miaka mingi kuhusu mfereji wa maji walikaa mstari wa mbele, wameelewana kabisa kwa siku hiyo.

Daktari Stamili alikaa nyuma ya meza ya mizani. Nadhani hakuwa ametegemea zaidi ya watu kumi. Alisoma shitaka, akaeleza nyuzi, akaeleza leseni, akaeleza kifungu cha bahati kwa upole, huku akiniangalia kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

"Tabibu Nakundwa Mrutu. Siku ile ulipompasua Nambike Senkondo, ulikuwa unajua unachofanya, au ulibahatisha?"

Nilikuwa nimeshakata shauri. Nilikuwa nimekubaliana na Eliamini asubuhi kwa kichwa tu, bila maneno. Nilisimama, nikafikiria chanjo, nikafikiria mifupa.

"Mheshimiwa Mkaguzi," nikaanza, "siku ile mimi nili..."

"Ngoja kwanza!"

Alikuwa ni Nambike. Alisimama katikati ya ghala, Sifaeli mgongoni, kidole juu.

"Mheshimiwa, naomba kuzungumza. Tumbo linalozungumzwa ni langu." Minong'ono ya kukubali ilipita ghala zima, kisheria hoja ilikuwa nzito. "Mimi nilipolala pale mezani nilimwuliza Tabibu, unaweza? Akaniambia, naweza. Nikampa tumbo langu kwa neno hilo. Sasa nataka nisikie. Kama alikuwa anajua, mimi namshukuru na Mungu ambariki. Lakini kama alikuwa anabahatisha, kama alininyanyulia kisu huku anaotea kama mtu anayechagua nanasi gulioni, basi alinidanganya, na mimi namshitaki. Leo hii. Na nitaenda mpaka Mahakama ya Rufani."

"Mama Sifaeli, keti," Eliamini alisihi. "Tabibu alikuokoa."

"Aliniokoa akijua au aliniokoa akiotea? Si kitu kimoja! Mtu akikuvusha mto huku amefumba macho, ukifika ng'ambo unamlipa au unampiga?"

Ghala likalipuka. Wazee wa mfereji walikuwa tayari wanabishana kama shauri lifunguliwe Same au Moshi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, neno lile la uongo nimelisema nusu, na nikahisi kitu ambacho sikukihisi tangu picha ya mshono iwekwe mbele yangu. Niliona aibu. Nilikuwa nataka kumwambia mwanamke huyu kwamba maisha yake yalikuwa mchezo wa karata.

"Nilijua," nikasema.

Hawakunisikia kwa kelele. Nikapaza sauti.

"Nilijua! Nilijua kila kitu, Nambike, keti. Nilikata ngozi, nikakata mafuta, nikafungua utando wa misuli kwa mkasi, nikatenganisha misuli kwa vidole ili isivuje. Nikasukuma kibofu chako chini kisije kikakatwa. Nikaufungua mji wa mimba mahali ulipo mwembamba, chini, ili siku ukibeba mimba nyingine usipasuke. Nilimtoa mtoto kwa miguu kwa sababu kichwa kilikuwa mbali. Nilishona mara mbili, mshono juu ya mshono. Ningeweza kuifanya tena sasa hivi. Alinifundisha mzee Mbwambo, na kila mtu aliyewahi kununua nyama kwa Mchome alishuhudia mafunzo yangu."

"Ni kweli!" Mchome alisema kutoka nyuma.

"Tabibu," Daktari Stamili alisema polepole, "unafahamu ulichosema?"

"Nafahamu. Na wewe naomba unijibu jambo moja, Daktari, si kwa dharau. Yule mtu wa Namtumbo. Alishitakiwa?"

Watu hawakujua tunaongelea nini, lakini walisogeza viti mbele.

"Alishitakiwa."

"Akafungwa?"

"Hapana."

"Alitokaje?"

Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya mizani. Mshale wa mizani ulikuwa unacheza. "Alisema alimkuta mgonjwa katika hali mbaya," alisema, "na kwamba hakuwa na ujuzi. Alisema alijaribu bahati."

"Kwa hiyo kifungu kilichomwachia yeye ndicho unachonipa mimi nijifunike."

Ningeweza kusema mengi, na nilikuwa nayo mdomoni, lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi si katili.

"Nani angekupima?" aliniuliza mwishowe. Sauti haikuwa ya Mkaguzi tena. "Unadai unajua bila nyuzi. Sawa. Yule naye alidai. Nitawatofautishaje? Mtihani wa mikono mitupu haupo tena. Waliokuwa wanautoa wamekufa."

"Basi urudisheni! Nipimeni! Msinipe msamaha, nipeni mtihani. Nikishindwa nifungeni, nitawapisha. Lakini msiniambie njia pekee ya kuwa salama ni kujifanya mjinga."

Aliachia ukingo wa meza. Kisha akawasha kompyuta yake na kuniita mezani. Nikaweka mikono juu ya sahani ya mizani, viganja juu.

"Kuna kusimamisha na kuna kufuta," alisema kwa sauti ambayo ghala zima lilisikia. "Leseni ikisimamishwa, stadi zinaondolewa, kufuli linabaki. Hiyo ndiyo adhabu ya kawaida. Ikifutwa, nyuzi zinakufa zote. Hiyo ndiyo adhabu kubwa kabisa, na haina kurudi." Aliniangalia machoni. "Nakufuta."

Watu waliguna kwa hasira. Mimi nilihisi mikono inapoa ghafla kutoka kwenye viwiko, kisha ikawa myepesi, kama nilipoacha kuvaa pete ya marehemu mume wangu. Stadi zote za Baraza zikaondoka. Nilikunja vidole. Vilikuwa vizito na vijinga, na nilivifahamu vizuri sana.

Alikuwa ananitazama bado. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kufuli nalo limekufa.

5

Ukungu ulikuwa umeshuka tulipotoka ghalani. Dereva wa Baraza alisema barabara haionekani, hawezi kuteremka. Nesi wa zamu alikuja akikimbia kupitia migomba, kanga yake imelowa, na kabla hajafungua mdomo niliona damu kwenye viatu vyake.

"Mwalimu," alisema. "Imeanza kutoka yenyewe. Nyingi."

Nilikimbia. Sikumbuki kuvuka uwanja. Niwaeli alikuwa amelala ubavu, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na shuka lote lilikuwa jekundu. Mapigo ya mtoto yalikuwepo bado. Tulimbeba na shuka lake mpaka chumba cha upasuaji, Eliamini akatundika chupa zote mbili za damu zilizokuwa kwenye friji, akaita ndege ya wagonjwa, ndege ikakataa kupaa. Mgonjwa anayevuja vile ganzi ya mgongo humshusha zaidi, kwa hiyo Eliamini aliandaa sindano ya kumlaza.

"Tabibu," Niwaeli alinong'ona. "Uliniacha bila kunijibu."

"Kwa Nambike nilijua, Mwalimu. Na kwako najua."

Akafumba macho. Eliamini alikuwa tayari mlangoni mwa friji, mkono kwenye boksi la barafu, kwa mazoea.

"Nilete ngapi, dada?"

"Barafu ya nini?" nikamwuliza.

Akaniangalia mikono. Nikaona jambo likimwingia taratibu, akafunga friji.

Mlango ulifunguka. Daktari Stamili alisimama pale, amevua viatu vyake vya vumbi, yuko pekupeku kwenye sakafu ya saruji.

"Huna leseni ya kitu chochote," alisema. "Kwa sheria hupaswi hata kumchoma sindano."

"Najua. Na wewe nyuzi zako zimesimamishwa, ukigusa kisu mkono utakauka. Kwa hiyo tuko wawili, hakuna mwenye ruhusa." Nilikuwa naosha mikono, nasugua kucha. "Sikuombi kibali, Daktari. Umesema waliokuwa wanatoa mtihani wamekufa. Wewe hujafa. Vaa aproni, simama upande wa pili wa meza, uniangalie. Mahali popote ukiona nabahatisha, niambie niache."

"Na nikikwambia?"

"Nitaacha."

Nilisema hivyo nikijua kwamba pale mezani hapakuwa na mtu mwingine wa kuendelea.

Alivaa aproni. Eliamini alinipa kisu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikata nikiwa na joto mikononi. Vidole havikuwa vizito kama nilivyodhani. Buchani kwa Mchome vilikuwa vimefundishwa na baridi, na sasa vilifanya kazi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kondo lilikuwa limejishika kwenye njia yangu. Mzee Mbwambo alinionyesha mara moja tu la namna hii, na alinifundisha kutolikata, kulizunguka, kuingiza mkono pembeni na kumtafuta mtoto kwa goti. Damu ilipanda. Sikuona kitu. Nilitafuta goti kwa vidole, nikalikosa, mikono ikaanza kutetemeka.

Ng'ambo ya meza, Mkaguzi alifungua mdomo.

Nilimwangalia. Akaufunga. Akachukua shashi, ambayo haina leseni, hata mtoto anaweza kuishika, akakandamiza mahali palipokuwa pakivuja zaidi, nikaona. Goti lilikuwa pale.

Alikuwa msichana. Alilia baada ya Eliamini kumsugua mgongo, kilio chembamba chenye malalamiko, na kule nje kwenye ukungu tulisikia watu wakipiga vigelegele. Kumbe ghala zima lilikuwa limehamia uwanjani. Niliendelea kushona. Damu ilipungua, ikawa matone, ikakauka. Shinikizo la Niwaeli likapanda polepole. Nilifunga fundo la mwisho, likaelekea kulia, nikakata uzi.

Mkaguzi alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Aliutazama mshono kwa muda mrefu, ukingo hadi ukingo, jinsi mzee Mbwambo alivyokuwa akiutazama.

"Kuna mahali nilikaribia kukusimamisha," alisema. "Pale ulipotetemeka. Nilidhani unaogopa."

"Sikuwa naogopa," nikamwambia. "Nilikuwa na hasira na ile ratiba yenu iliyojaa. Andika hivyo kwenye mtihani wangu."